Chumba Nyuma ya Chumba

Mtaa wa Portland uko magharibi mwa Louisville, jimbo la Kentucky, ukingoni mwa mto Ohio. Zamani ulikuwa mji wa peke yake, na riziki yake ilitokana na maporomoko ya maji yaliyo jirani. Kabla ya mfereji wa kuyakwepa kufunguliwa mwaka 1830, vyombo vilivyopanda mto vilishusha mizigo hapo, mizigo ikabebwa kwa mikokoteni hadi upande wa pili. Kazi hiyo ilitaka watu. Baadaye vikaja viwanda, reli, machinjio na matanuri ya matofali, navyo vikataka watu zaidi, na watu hao wakataka pa kulala karibu na kazi, kwa kodi inayolingana na ujira wao.

Nyumba walizojengewa, tangu Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vilipokwisha mwaka 1865 hadi miaka ya 1920, bado zimesimama kwa maelfu mjini Louisville. Ziko Portland, ziko Germantown, ziko Butchertown, ziko Smoketown, mtaa ambao watu weusi walioachiwa huru utumwani waliujaza mara baada ya vita. Katika miaka ya 1980 ilikadiriwa kwamba nyumba 1 kati ya kila 10 mjini humo ilikuwa ya aina hiyo. Ni mji mmoja tu Marekani unaotajwa pamoja na Louisville kwa wingi wake, nao ni New Orleans.

Nyumba yenyewe ina upana wa futi 12 hivi, yaani mita tatu na nusu, na urefu mara tatu au nne ya hapo. Haina ghorofa. Mbele kuna mlango mmoja na dirisha moja au mawili. Ukifungua mlango uko sebuleni. Ukivuka sebule unaingia chumba cha kulala, ukivuka hicho unaingia kingine, na mwisho wa safari ni jikoni, ambako mlango wa nyuma unakutoa uani. Korido hakuna. Anayetoka jikoni kwenda barazani hupita vitandani mwa wenzake. Wamarekani huiita shotgun, kwa jina la bunduki ya marisau, kwa madai kwamba ukipiga risasi mlango wa mbele itatokea wa nyuma bila kugusa ukuta. Jina limeshika, lakini halitusaidii kuielewa nyumba.

Tuisogelee basi, maana mambo mengi yako kwenye mbao. Kuta za nje ni mbao za kulaliana, kila ubao umeukalia kidogo wa chini yake ili maji ya mvua yateleze. Juu ya mlango kuna kijidirisha cha kioo kinachofunguliwa kwa ndani: mlango ukiwa umefungwa usiku, joto la Julai, ambalo bonde la Ohio hulijua vizuri, hutokea hapo. Dari ziko juu, futi 10 na zaidi, kwa sababu hiyo hiyo. Chini ya ukingo wa paa, upande wa barabarani tu, kuna vishikizo vya mbao vilivyokatwa maua na mikunjo kwa msumeno wa mashine. Mwenye nyumba alinunua urembo wa mbele, kando akaacha ukuta mtupu, kwa kuwa jirani yuko umbali wa kunyoosha mkono na hakuna wa kuuona. Ndani, vyumba viwili vinavyopakana huchangia dohani moja: meko ya ukutani huku, meko ya ukutani kule, moshi unapanda njia moja. Bafu na choo vilikuja baadaye, vikachomekwa nyuma ya jikoni au kukatwa katika chumba cha mwisho, kwani nyumba ilipojengwa choo kilikuwa uani. Familia ilipoongezeka, fundi aliinua ghorofa juu ya vyumba vya nyuma pekee na kuiacha mbele ilivyo. Wenyeji huita umbo hilo mgongo wa ngamia, na Louisville imejaa.

Kwa miaka mingi wasomi wa majengo hawakuzitazama nyumba hizi. Walizihesabu kuwa vibanda vya maskini, visivyo na mbunifu wala asili. Mwaka 1975 mtafiti mmoja, John Michael Vlach, aliandika tasnifu katika Chuo Kikuu cha Indiana akaeleza jambo lililowashtua wengi. Alifuata nyumba hizi kutoka miji ya mito kushuka hadi New Orleans, akavuka bahari hadi Haiti, akapima nyumba za Port-au-Prince, kisha akarudi nyuma zaidi hadi kwa Wayoruba wa Afrika Magharibi, ambao nyumba yao ya msingi ni vyumba viwili vilivyofuatana, kila kimoja futi 10 kwa 10 hivi. Alichokiona ni nyumba ya Kiafrika iliyobebwa vichwani mwa watumwa, ikachanganyika huko visiwani na ujenzi wa wenyeji wa Karibi na mbao za Wafaransa. Mapinduzi ya Haiti, yaliyoanza mwaka 1791 na kuzaa taifa huru mwaka 1804, yaliwatawanya watu. Wengi walikimbilia Cuba, na walipofukuzwa huko, zaidi ya 9,000 waliingia New Orleans mwaka 1809 na 1810, wakiwemo maelfu ya watu weusi na machotara walio huru, na kati yao wajenzi. Kutoka New Orleans, meli za moshi zilipanda Mississippi na Ohio zikiwa na pamba, sukari, watu, na namna ya kujenga.

Wako wanaosema kwamba ufinyu wa viwanja peke yake unatosha kueleza umbo hili. Viwanja vya Louisville vilikatwa vyembamba, futi 20 au 30, ili mwenye ardhi auze vingi, na kiwanja chembamba huzaa nyumba nyembamba. Hoja hiyo ina uzito, lakini haielezi kila kitu. Kiwanja kinaamua upana. Hakiamui kwamba vyumba vikae bila korido, wala kwamba nyumba ielekeze ubavu wake mfupi barabarani na maisha yake yote barazani. Maamuzi hayo hufanywa na watu, na watu hujenga walichozoea kukaa. Kwa sababu hiyo naona Vlach alikuwa sahihi katika jambo kubwa, hata kama njia ilikuwa na vituo vingi kuliko alivyovichora.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hatupaswi kulishangaa jambo hili. Nyumba ya mawe ya Lamu nayo hupangwa kwa vina: daka mlangoni, kiwanda katikati, kisha msana wa tini, msana wa yuu, hadi ndani, chumba kimoja nyuma ya kingine, na kila hatua inamchuja mgeni. Upana wa vyumba vyake, ambao hauzidi mita tatu kwa kawaida, hutokana na urefu wa boriti ya mkoko inayobeba dari. Tofauti ni kwamba Lamu mpangilio wa vyumba ulilinda faragha ya matajiri wa mji, na Louisville mpangilio wa vyumba uliwanyima maskini faragha yoyote. Mtoto aliyekulia katika nyumba ya shotgun alijua nani kaamka, nani anaumwa na nani kachelewa kurudi.

Kuishi katika nyumba hizo ni jambo moja, kuruhusiwa kuzinunua ni jingine. Mwaka 1914 Halmashauri ya Louisville ilipitisha sheria ya kumkataza mtu mweusi kuhamia kwenye mstari wa nyumba ambao wakazi wake wengi ni weupe, na mtu mweupe vivyo hivyo. William Warley, kiongozi wa tawi la Louisville la chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, aliweka mkataba wa kununua kiwanja huko Portland kutoka kwa mmiliki mweupe, Charles Buchanan, kwa makusudi ya kuipeleka sheria hiyo mahakamani. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwezi Novemba 1917 majaji wote kwa kauli moja waliitupa sheria. Ushindi ulikuwa wa kweli, ila benki, madalali na majirani walipata njia nyingine za kufanya yale yale. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja tingatinga: barabara ya Walnut, iliyokuwa moyo wa biashara za watu weusi, ilibomolewa sehemu kubwa kwa jina la kuuboresha mji. Barabara hiyo tangu 1978 inaitwa Muhammad Ali, jina la kijana wa Louisville aliyelelewa katika nyumba ndogo ya mbao mtaani Grand Avenue, magharibi mwa mji, na ambaye Oktoba 1974 alipigana Kinshasa mbele ya umma uliomshangilia kwa Kilingala. Mkongo aliyetua Louisville miaka ya karibuni akitoka kambi ya wakimbizi alishukia uwanja wa ndege wenye jina hilo hilo.

Wakongo hao, pamoja na Warundi, Wanyarwanda na Wasomali, kwa kweli wengi hawakupelekwa kwenye nyumba za shotgun. Mashirika ya kupokea wakimbizi yaliwapangia majengo makubwa ya vyumba vya kukodi, hasa kusini mwa mji. Wanapopata kazi ya kudumu ghalani au kiwandani na kuanza kutafuta nyumba ya kununua, ndipo wanapokutana na nyumba hizi za zamani, ambazo bei yake ni nafuu na ukarabati wake si nafuu.

Columbus, mji mkuu wa Ohio, inatoa funzo la namna nyingine, na nitalieleza kwa ufupi. Kusini mwa katikati ya mji kuna mtaa wa German Village. Wajerumani walioujenga katika karne ya 19 walikuwa vibarua, washona viatu, wafanyakazi wa viwanda vya bia. Nyumba yao ni ya matofali mekundu, ina chini na nusu ghorofa iliyojibana ndani ya paa. Msingi ni mawe ya chokaa, paa ni la vigae vya mawe na limeinuka kwa ukali, mlango uko karibu kabisa na njia. Kufikia 1865 theluthi moja ya wakazi wa Columbus walikuwa na asili ya Kijerumani. Kisha Vita Kuu ya Kwanza ikawageuza maadui: vitabu vyao vilichomwa moto, majina ya mitaa yakabadilishwa, hata bustani yenye jina la mshairi Schiller ikapewa la Washington hadi 1930. Marufuku ya pombe ya mwaka 1920 ikafunga viwanda vya bia. Waliokuwa na uwezo walihama, na kufikia miaka ya 1950 mtaa ulihesabika kuwa wa ovyo, theluthi yake ikabomolewa. Aliyebadili mkondo ni mtumishi wa manispaa, Frank Fetch, aliyenunua nyumba hapo mwaka 1949 na kuikarabati, akawavuta wengine, na mwaka 1960 wakaunda chama cha kuulinda mtaa. Mwaka 1974 uliingizwa katika orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria.

Kazi hiyo naiheshimu. Matofali yametunzwa hadi ya njia za miguu. Lakini nyumba ya mshona viatu sasa haiwezi kununuliwa na mshona viatu, na Wasomali wa Columbus, ambao ni jamii ya pili kwa ukubwa nchini humo baada ya ile ya Minneapolis, wanaishi mbali upande wa kaskazini, katika majengo ya kukodi ya Cleveland Avenue na Morse Road. Mashariki ya mji huo huo palikuwa na makazi ya watu weusi yaliyoitwa Blackberry Patch, ambayo hakuna aliyeyaundia chama. Yalifutwa, na mwaka 1940 serikali ikajenga mahali pake Poindexter Village, moja ya miradi ya mwanzo ya nyumba za umma Marekani, nayo ikaja kubomolewa karibu yote. Tunayajua makazi hayo kwa sababu ya msanii Aminah Robinson, aliyezaliwa 1940 na kukulia Poindexter. Alikusanya masimulizi ya wazee na kuyachora, kuyafuma na kuyafinyanga hadi alipofariki mwaka 2015. Baba yake alimfundisha kuchanganya tope, mafuta ya nguruwe, vijiti na rangi, na kwa mchanganyiko huo aliumba watu wa mtaa uliopotea. Nyumba yake aliiachia jumba la sanaa la mji, na leo wasanii hukaribishwa kufanyia kazi humo.

Buffalo, jimbo la New York, ndiko ambako nyumba za zamani na watu wetu wamekutana uso kwa uso. Mfereji wa Erie ulipokamilika mwaka 1825, mji ulikuwa lango kati ya Maziwa Makuu ya Marekani na Bahari ya Atlantiki. Ngano ilipita hapo, chuma kikapita, na mbao zikapita kwa shehena zisizohesabika. Mbao nafuu na misumari ya kiwandani vilifanya iwezekane kujenga kwa fremu nyepesi: nguzo nyembamba zilizopangwa kwa karibu, zikitoka msingini mpaka kwenye paa bila kukatizwa. Mafundi wawili watatu waliweza kuisimamisha kwa muda mfupi bila magogo mazito.

Wapolandi walipomiminika upande wa mashariki, padri Jan Pitass alianzisha parokia ya Mtakatifu Stanislaus mwaka 1873 kwenye ardhi iliyotolewa na Joseph Bork, mfanyabiashara wa viwanja, ambaye naye alijenga nyumba ndogo kuizunguka akaziuza kwa waumini. Kiwanja kilikuwa na futi 30 hivi kwa zaidi ya 100. Mtu alianza na nyumba ya vyumba vichache, paa la mgongo, ubavu mfupi barabarani. Watoto walipoongezeka, au shangazi alipowasili kutoka Poznań, kipande kingine kiliongezwa nyuma, kifupi na chembamba kuliko cha kwanza, na nyuma yake kingine, hadi nyumba ikaonekana kama darubini ya nahodha iliyovutwa. Ukipita pembeni mwa nyumba hizo unaweza kusoma historia ya familia kwa kufuata ngazi za mapaa: hapa walipata mkopo, hapa walipata mpangaji, hapa fedha zilikwisha.

Waliofanikiwa zaidi walijenga nyumba ya familia mbili, moja chini na moja juu, kila moja na baraza yake inayotazama mtaa, milango miwili ikikaa bega kwa bega. Mwenye nyumba aliishi chini, kodi ya juu ikalipa deni la benki. Yeyote aliyekaa Magomeni au Kariakoo anaufahamu mpango huo. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati na uani nyuma, ilisimama kwa hesabu ile ile: mwenye nyumba anabaki na vyumba vyake, vingine anapangisha, kodi inamalizia ujenzi na kusomesha watoto.

Mwaka 1950 Buffalo ilikuwa na watu 580,132. Mwaka 2010 walibaki 261,310. Viwanda vya chuma vilifungwa, barabara kuu zilichimbwa katikati ya mitaa, na maelfu ya nyumba tupu zikabomolewa. Kisha, kuanzia miaka ya 2000, upande wa magharibi, kandokando ya Grant Street, taa zilianza kuwaka tena. Walikuja Waburma. Walikuja Warundi waliokuwa kambini Tanzania tangu mauaji ya 1972, na Wakongo wa Kivu waliopitia kambi ya Nyarugusu. Kuanzia 2003 walikuwa wameanza kufika Marekani Wabantu wa Somalia, kiasi cha 12,000, wazao wa watu waliotekwa katika karne ya 19 kutoka nchi ambazo leo ni Tanzania, Malawi na Msumbiji, ambao baadhi yao bado wanasema Kizigua, lugha ya Handeni. Mrundi, Mkongo na Mbantu wa Somalia wakiwa foleni moja dukani, wanasikilizana kwa Kiswahili. Wengi wamepanga ghorofa ya juu, na baadhi wamenunua nyumba nzima na sasa wao ndio wa chini. Upande wa mashariki Wabangladeshi wamefanya hivyo hivyo, na makanisa mawili ya Kipolandi yamekuwa misikiti. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 278,349, ongezeko la kwanza tangu 1950.

Nyumba hizi zina deni lake, na mgeni hulirithi bila kuambiwa. Nguzo zinazopanda bila kukatizwa huacha uwazi ukutani kutoka chumba cha chini ya ardhi mpaka darini. Upepo wa Ziwa Erie hupita humo, na moto ukianza chini hupanda njia hiyo hiyo kwa kasi. Katika dhoruba ya theluji ya Krismasi 2022, iliyoua zaidi ya watu 40 katika eneo la Buffalo, wengi walijionea nyumba ambayo uwazi wa kuta zake haujajazwa kuzuia baridi inavyopoteza joto umeme ukikatika. Ujazaji huo unawezekana: chama cha PUSH, kilichoanzishwa upande wa magharibi mwaka 2005, kimekarabati nyumba za mtaa kwa kuzifunga na kuzijaza ili gharama ya gesi ishuke.

Hatari kubwa zaidi haionekani. Rangi za nyumba zilitiwa madini ya risasi hadi zilipopigwa marufuku mwaka 1978, na karibu nyumba zote nilizozitaja ni za kabla ya hapo. Tazama dirisha la kupandisha na kushusha: kila linaposuguana na fremu yake hutoa vumbi. Vumbi hutua kwenye kizingiti na sakafuni, mtoto anayetambaa hulamba mikono, na risasi huharibu ubongo unaokua. Katika mitaa ya zamani ya Buffalo watoto wengi wamekutwa na sumu hiyo damuni, wakiwemo watoto wa wakimbizi waliofika wakiwa wazima. Sheria ya jimbo la New York inataka kila mtoto apimwe akiwa na mwaka 1 na tena akiwa na miaka 2.

Kwa hiyo, msomaji unayekaa katika nyumba ya namna hii, au unayefikiria kuinunua, tafuta kwanza umri wake. Hati za ardhi ni za wazi kwa umma: Louisville ziko kwa karani wa kaunti ya Jefferson, Columbus kwa msajili wa kaunti ya Franklin, Buffalo kwa karani wa kaunti ya Erie. Ramani za bima ya moto za kampuni ya Sanborn, ambazo Maktaba ya Bunge la Marekani imeziweka wazi bila malipo, zinaonyesha karibu kila jengo la miji hii: manjano ni mbao, waridi ni matofali, herufi D ni makazi ya watu, na tarakimu ni idadi ya sakafu. Huenda ukaiona nyumba yako kabla haijaongezwa vipande vya nyuma. Na kabla hujakwangua rangi kuukuu au kutia saini ya mkataba, dai karatasi ya taarifa kuhusu madini ya risasi. Tangu 1996 sheria ya Marekani inamlazimu mwenye nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 kukueleza kwa maandishi anachokijua kuhusu rangi yenye risasi, uwe mpangaji au mnunuzi, na anapaswa kufanya hivyo kabla hujafunga mkataba.